Safu ya saba: meinfremu, kadi za matundu na sisi wa Kitale

Machi 2020 serikali ilifunga shule na vyuo vyote vya Kenya kwa sababu ya korona, nasi wanafunzi tuliokuwa Bungoma tukafungasha virago. Nilirudi kwetu Kitale na mkoba wa nguo, laptopu ya mtumba na mitihani ambayo haikufanyika. Nilikuwa nasomea sayansi ya kompyuta. Nilijua Java kidogo, Python zaidi kidogo, na JavaScript kiasi cha kujidanganya. Meinfremu nilikuwa nimeisikia mara moja tu darasani: picha ya makabati makubwa yaliyojaa ukumbi, maneno "kompyuta za zamani", kisha picha iliyofuata. Dakika moja haikuisha.

Wiki chache baadaye, Aprili 4, gavana wa jimbo la New Jersey huko Marekani, Phil Murphy, alisimama mbele ya waandishi wa habari akaomba watu wanaojua COBOL wajitolee kusaidia. Waliopoteza kazi walikuwa wengi mno, na mitambo ya jimbo lake ya kuwalipa ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 40. Niliisoma habari hiyo kwenye simu, nimekaa nje chini ya mparachichi ambapo mtandao hushika vizuri, nikajiuliza swali la kitoto: kama hizi ni kompyuta za zamani, zinafanya nini hadi leo?

Nimelifuata swali hilo kwa miaka kadhaa sasa. Nieleze nilichokikuta, maana sikufundishwa chuoni na nadhani wasomaji wengi pia hamkufundishwa.

Kwanza tuelewane maneno. Meinfremu, ambayo wengine huiita kompyuta kuu, si kompyuta yoyote iliyo kubwa. Wala si ile yenye kasi kuliko zote. Zile za kutabiri hali ya hewa ni jamii nyingine kabisa. Meinfremu ni mashine iliyoundwa kwa kazi ya karani: kupokea miamala mingi sana, kuihesabu bila kukosea senti, kuiandika mahali salama, na kutozimika. Benki, kampuni za bima, mashirika ya ndege na serikali ndio wateja wake. Bado zinatengenezwa. Ile iitwayo z17 ilitangazwa na IBM Aprili 2025. Kwa hiyo si mashine ya zamani, ni mashine yenye ukoo mrefu.

Ukoo huo unaanza Aprili 7, 1964, siku IBM ilipotangaza System/360. Kabla ya hapo kampuni hiyohiyo moja ilikuwa ikiuza mashine zisizoelewana. Ukianza na ndogo kisha biashara ikue uhitaji kubwa, programu zako zote unaziandika upya. Wahandisi wakiongozwa na Gene Amdahl, Fred Brooks na Gerrit Blaauw wakabuni familia ya mashine, kubwa kwa ndogo, zote zikisikia maagizo yaleyale. Mradi uligharimu takriban dola bilioni 5, na uliipa kampuni homa. Brooks baadaye aliandika kitabu kuhusu jinsi miradi ya programu inavyochelewa, nacho bado tunakisoma. Lakini ahadi ilitimizwa, tena ikavuka mipaka yake. Anwani za kumbukumbu zilikuwa za biti 24, zikawa 31 mwaka 1983, zikawa 64 mwaka 2000, na programu ya kawaida ya miaka ya 1960 bado inaweza kuendeshwa bila kuguswa. Mimi nina programu ya Node ya miaka miwili iliyopita ambayo haiamki.

Nitoke nje ya barabara kidogo. Mwaka huohuo wa 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mahindi chotara ya kwanza ya nyanda za juu, H611, yaliyotokana na mbegu ya hapa iitwayo Kitale Synthetic II na nyingine kutoka Ecuador. Babu yangu hakuwahi kusikia habari za System/360, lakini 611 aliitamka kama jina la mtoto wake. H614, ya ukoo huo, bado inapandwa Trans Nzoia. Mwambie mkulima wa huku kwamba mbegu yake ni ya zamani, atakuuliza: kwani haizai?

Turudi. Mwezi uleule wa Aprili 2020, IBM pamoja na Open Mainframe Project, mradi ulio chini ya Linux Foundation, walitoa kozi ya COBOL bila malipo. Kitabu chake kiko wazi. Unaweza kukisoma, kukirekebisha na kurudisha marekebisho. Mazoezi yanafanywa kwenye meinfremu halisi. Unajiandikisha, unapewa jina la mtumiaji, unaunganisha kihariri chako kwa programu huria ya Zowe, unaandika, unatuma kazi, inaendeshwa huko iliko, na majibu yanakurudia hapo ulipo, hata kama ni chini ya mparachichi.

Kazi yangu ya kwanza ilikataliwa. Ya pili pia. Ya tatu ilileta makosa mengi kuliko mistari niliyoandika, jambo ambalo sikudhani linawezekana. Sababu niliigundua usiku wa manane: nilikuwa naanza kila mstari kwenye ukingo wa kushoto, kama nilivyozoea kwenye Python. COBOL ya jadi haikubali. Safu sita za kwanza ni za namba za mistari. Safu ya saba ni ya alama: ukiweka nyota hapo, mstari mzima ni maelezo na mashine inaupita. Safu ya 8 hadi 11 ni za vichwa vya sehemu, 12 hadi 72 ni za maagizo yenyewe, na chochote ukiandikacho kati ya 73 na 80 hakisomwi.

Kwa nini 80? Kwa sababu ya kipande cha karatasi ngumu. Mwaka 1928 IBM ilitoa kadi ya matundu yenye safu 80, kila safu ikibeba herufi au tarakimu moja. Mstari mmoja wa programu ulikuwa kadi moja. Namba zile za mistari zilikuwa na kazi ya kawaida kabisa: mtu akijikwaa akaangusha sanduku la kadi, ziweze kupangwa upya. Kadi zikaondoka, upana ukabaki. Teminali za IBM 3270 za miaka ya 1970 zikaenea zikiwa na mistari 24 ya herufi 80. Dirisha la amri kwenye Linux yako likarithi 80. Na ule mwongozo wa Python unaokuambia usizidishe herufi 79 unazungumza, bila kuitaja, juu ya karatasi ileile. Nilikuwa nimezicheka kadi kumbe nimezikalia.

COBOL yenyewe ilizaliwa kwa hoja inayofanana na ya System/360, miaka mitano kabla. Mary Hawes wa kampuni ya Burroughs ndiye aliyesukuma wazo la lugha moja ya biashara itakayokubalika kwenye mashine za kila kampuni. Mei 28 na 29, 1959, watu wa serikali ya Marekani, watumiaji na watengenezaji walikutana Pentagon kulijadili. Grace Hopper, kwa lugha yake ya FLOW-MATIC, alikuwa tayari ameonyesha kwamba mashine inaweza kuamrishwa kwa maneno badala ya alama za hisabati. Jean Sammet alikuwa miongoni mwa waliokaa wakaiandika lugha mpya kipengele kwa kipengele. Desemba 1960 programu moja, ikiwa na mabadiliko madogo tu, iliendeshwa kwenye mashine ya RCA na kwenye UNIVAC. Leo hilo halimshangazi mtu. Wakati ule lilikuwa kama kuona ufunguo mmoja ukifungua nyumba mbili za watu wasiojuana.

Wengi huicheka COBOL kwa maneno yake mengi. Nami niliicheka, hadi nilipogundua kwamba maneno ya amri ni ya Kiingereza lakini majina ya vitu ni yangu mwenyewe. Nikaandika:

MULTIPLY GUNIA BY BEI GIVING JUMLA.

Nikamwonyesha mama, ambaye huuza mahindi na Kiingereza chake ni cha darasa la nane. Akasema, "Hapo umezidisha magunia kwa bei." Jaribu kumwonyesha mama yako msimbo wako wa JavaScript.

Na tukiwa hapo hapo kwa JavaScript: fungua kivinjari ujumlishe 0.1 na 0.2. Utapata 0.30000000000000004. Si hitilafu, ndivyo hesabu ya namba mbili inavyofanya kazi na desimali zetu. Kwenye COBOL ukitangaza PIC 9(7)V99 umesema tarakimu saba, kisha senti mbili, basi. Na meinfremu ina maagizo ndani ya chuma chake ya kuhesabu desimali jinsi karani anavyozihesabu. Ukiwa na akaunti milioni kadhaa na riba ya kila usiku, tofauti hiyo si ya kitaaluma. Tena hata kule New Jersey, mwanahistoria Mar Hicks aliandika mwaka uleule kwamba kilichokwama hasa ni tovuti ya mbele iliyoandikwa kwa Java, wala si COBOL iliyokuwa nyuma yake. Lawama ilimwendea mzee kwa sababu hakuwa na mtetezi.

Sasa, mashine hizi ziliwahi kufika kwetu? Zilifika, tena mapema, ila zilipitia Uingereza. Waingereza walikuwa na kampuni zao za kadi na kompyuta, zikaungana mwaka 1959 kuwa ICT, kisha 1968 ikazaliwa ICL, na Afrika Mashariki ilikuwa soko lao. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, ICT 1500, katika Wizara ya Fedha. Mambo hayakwenda vizuri. Hesabu za serikali zilipohamishiwa kwenye mashine zilivurugika, wataalamu wenyeji walikuwa wachache mno, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uagizaji wa kompyuta. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye. Watu wa fani yetu hupenda kuitaja kwa kicheko. Mimi siicheki sana. Ukinunua mashine ambayo ujuzi wake uko kichwani mwa mgeni, siku akipanda ndege unabaki na kabati la chuma lenye taa.

Nairobi mambo yalikuwa matulivu zaidi. Hazina ilikuwa na kitengo chake cha kompyuta za serikali, chenye mashine za ICL, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta mwaka 1977. Lakini huku kwetu mashine haikufika. Ilifika karatasi tu, zile zilizotoka kwenye mashine zimechapwa kwa herufi kubwa.

Hayo niliyajua kwa kusoma. Kilichofuata sikukisoma popote.

Mwishoni mwa 2020 vyuo vilipoanza kufunguliwa nilipanda matatu kurudi Bungoma: Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, mpaka mjini. Nilifikia kwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Nilikuwa nimechapisha programu yangu kwenye karatasi katika saiba moja, maana umeme ulikuwa unapotea kila jioni na nilitaka kuendelea kutafuta kosa. Shangazi akavaa miwani, akazichukua zile karatasi mezani, akaangalia kimya kwa muda. Kisha akaweka kidole kwenye nyota moja.

"Hii iko safu ya saba," akasema. "Hapo hapachezewi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Sisi watoto tulijua tu kwamba shangazi "alifanya kazi ofisini Nairobi". Kumbe alikuwa mtoboa kadi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi kadi zilipoondoka, alikaa kwenye chumba cha wanawake watupu, mbele ya mashine yenye kibodi, akitoboa kadi kutoka kwenye karatasi zilizojazwa kwa mkono na waandishi wa programu. Mmoja anatoboa. Mwingine anazichukua kadi zilezile na karatasi ileile, anaandika upya kila herufi kwenye mashine ya kuhakiki, na vidole vyao visipokubaliana mashine inakataa kwenda. Nilimwambia kwamba sisi leo tunaajiri watu na kununua programu ili kupata nidhamu ya namna hiyo. Akasema wao walipata chai saa nne.

Alitoboa COBOL kwa miaka bila kuambiwa kwamba ni lugha, wala kwamba ina jina. Aliambiwa sheria tu: sita za kwanza namba, ya saba iache wazi au weka nyota au kistari kama ilivyoandikwa, usipite sabini na mbili. Kistari nilikuwa sijakifikia kwenye kozi. Ni yeye aliyenifafanulia kwamba kikiwa safu ya saba maana yake neno lililokatika kwenye kadi ya juu linaendelea hapa. Alikuwa amelijua kwa kuangalia kadi zilivyofuatana.

Nikamuuliza mashine yenyewe ilikuwaje. Akasema hajui. Chumba chake kilikuwa ng'ambo ya ukumbi, nyuma ya mlango, na wao hawakuruhusiwa kuingia. Kadi zilipitishwa dirishani. "Tuliisikia tu," akasema. "Ikiwa inakimbia, sakafu ilitetemeka kidogo." Aliomba mara mbili kufundishwa kuandika programu, na mara zote mbili akajibiwa kwamba nafasi ni za wenye digrii. Hakulisema kwa uchungu. Mimi ndiye niliyelala vibaya usiku ule.

Nikairudia historia nikiwa na swali jingine. Huo mlango nani aliufunga?

Hakuna anayeweza kusema ulifungwa tangu mwanzo. Mwaka 1955 watumiaji wa kompyuta ya IBM 704 huko Los Angeles waliunda chama, wakakiita SHARE, ili wagawane programu badala ya kila mmoja kuandika zilezile. Wakati ule programu ilikuja pamoja na mashine, kama kitabu cha maelezo kinavyokuja na redio, na msimbo wake ulisomeka. Juni 1969 IBM ikatangaza kwamba itaanza kuuza baadhi ya programu na huduma peke yake, na biashara ya programu tunayoijua ikaanza kukua. Mwaka 1983 ikatangaza kwamba programu zake zitatolewa bila msimbo chanzo. Mwandishi wa programu aliyezoea kufungua mfumo na kuona ndani akakuta ukuta. Kwa hiyo mlango wa shangazi ulikuwa wa ubao, na huu ulikuwa wa leseni, lakini watu waliobaki nje walifanana.

Kuna kipande kimoja kilichobaki nje ya ukuta: mfumo endeshi wa MVS 3.8, uliotolewa enzi za kabla ya hapo, ambao watu waliendelea kuushika kihalali. Ulikosa tu mashine ya kuuendesha. Mwaka 1999 Roger Bowler akaanza kuipeleka mashine kwao: programu huria iitwayo Hercules, inayoifanya kompyuta ya kawaida ijifanye meinfremu. Wapenzi wa mambo hayo wakaviunganisha viwili hivyo kuwa kifurushi kimoja unachokipakua na kukiwasha. Nimekiendesha kwenye laptopu yangu ya mtumba, betri ikiwa asilimia 30, Kitale. Desemba mwaka huohuo wa 1999 IBM yenyewe ikatoa mabadiliko ya kuiwezesha Linux kukimbia kwenye meinfremu, na Marist College huko New York ikawa mahali pa kuyapata. Agosti 2015 ukaja Open Mainframe Project, na Agosti 2018 ikaja Zowe.

Programu huria si jambo geni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, kwa Kiswahili. Tulichokuwa hatuna ni sababu ya kuamini kwamba hata makabati yale makubwa yangeweza kuguswa kwa njia hiyo.

Lakini msimbo ukiwa wazi haina maana kwamba umejua. Fundi wa magari pale Kitale hamwachii mwanagenzi kitabu na kuondoka. Anamshikisha spana na kusimama pembeni. Miradi huria ina utaratibu wa namna hiyo. Kwa kipindi cha miezi michache mwanagenzi anapewa kazi ya kweli na mlezi wa kumwongoza, na kila anachoandika kinaonekana na kila mtu. Niliomba katika mradi mmoja wa meinfremu, nikakubaliwa. Mlezi wangu alikuwa mzee wa Marekani aliyeanza kazi kabla wazazi wangu hawajaoana. Tulikutana kwa sauti mara moja kwa wiki, saa moja jioni yetu, na siku nyingine zote kwa maandishi.

Nilikuwa na hofu ya mtandao kuliko hofu ya COBOL. Video ikiganda, mazungumzo yameisha. Lakini skrini ya 3270 ina nafasi 1,920 tu, mistari 24 mara safu 80. Ukiandika, hakuna kinachokwenda popote hadi ubonyeze kitufe cha kutuma. Hapo ulichobadilisha kinakwenda kwa mkupuo mmoja, na skrini mpya inarudi vivyo hivyo. Iliundwa hivyo kwa sababu laini za simu za wakati ule zilikuwa za polepole na za bei. Picha moja ya WhatsApp inakula bando kuliko jioni nzima ya kazi hiyo. Nimefanya kazi kwenye meinfremu wakati ambapo tovuti ya chuo changu ilikuwa haifunguki, na nadhani hakuna aliyeniwazia mimi alipoiunda, lakini ilinikaa.

Mzee hakuwahi kunipa jibu. Mara ya kwanza kazi yangu ilipokufa na alama S0C7 nilimtumia ukurasa mzima wa maelezo. Akarudisha swali moja: nafasi tupu inaandikwaje kwenye mashine ile? Nikatafuta. Meinfremu haitumii msimbo wa herufi wa ASCII, inatumia EBCDIC, ambamo sifuri ni F0 na nafasi tupu ni 40. Faili langu la majaribio lilikuwa na mkulima mmoja ambaye idadi ya magunia yake haikujazwa. Mashine ilipoipakia nafasi ile kama namba ili ihesabu, pande mbili za baiti ya mwisho zikabadilishana, 40 ikawa 04, na pale panapotakiwa alama ya chanya au hasi ikakuta 4, ambayo si alama ya chochote. Ikasimama. Haikukisia, haikuweka sifuri kimyakimya. Lugha nilizozizoea zingeendelea na safari na kumlipa mkulima wa watu hewa.

Alinisimulia pia habari za IEFBR14, programu inayojulikana kwa kutofanya kitu. Inatumika pale unapotaka mfumo ukuundie faili au ukufutie bila kuendesha chochote. Mwanzoni ilikuwa na agizo moja tu, la kurudi ilikotoka. Na hata hiyo ilikuwa na hitilafu: haikusafisha mahali ambapo mfumo husoma kama kazi imefaulu, kwa hiyo iliweza kutofanya kitu na bado ikaonekana imeshindwa. Wakaongeza agizo la pili. Nilicheka, naye akangoja nimalize, kisha akanionyesha mfano niliokuwa nimeuandika kwa ajili ya wanafunzi wengine. Nilikuwa nimeweka nukta moja katikati ya sharti. Kwenye COBOL nukta inafunga sentensi nzima, kwa hiyo mstari uliofuata ulikuwa unatekelezwa kwa kila mkulima, awe ametimiza sharti au hajatimiza. Majaribio yangu yote yalikuwa yamepita, kwa sababu wakulima wangu wote wa majaribio walikuwa wametimiza. Mchango wangu wa kwanza uliokubaliwa ulikuwa kuondoa nukta yangu mwenyewe.

Utaniuliza kazi iko wapi. Ni swali halali na sitakudanganya. Kitale hakuna meinfremu hata moja na sitarajii kuiona. M-Pesa yenyewe, iliyoanza Machi 2007, haikujengwa kwa COBOL, na hadi 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani. Nafasi nyingi za meinfremu ziko Marekani, Ulaya na India, na matangazo yake yanapenda kudai uzoefu ambao huwezi kuupata bila nafasi. Shangazi angeutambua mtego huo. Mimi leo nalipwa kuandika seva za malipo kwa lugha nyingine. Nilichopata kule ni kwamba sipitishi namba bila kuuliza ikiwa tupu itakuwaje, na kwamba nikikuta msimbo wa kale wenye kituko nauliza kwanza nani aliuandika na alikuwa anakwepa nini. Kama ni faida ya kutosha kwa miezi ile yote, kila mtu apige hesabu yake.

Kabla sijamaliza chuo nilipita tena kwa shangazi na laptopu. Nikafungua kihariri, nikasukuma kishale hadi safu ya nane, nikampa programu yangu ya magunia aiandike kutoka kwenye karatasi. Vidole vyake vimeanza kuuma siku hizi, lakini hakuangalia kibodi. Kwenye mstari mmoja mrefu alisimama mwenyewe, hata kihariri hakijamwonya. Nikahesabu: safu ya 72.

Nikaituma kazi. Ikarudi na 0000, maana yake hakuna kosa. Akataka kujua mashine iko wapi, nikamwambia Marekani. Akafikiri kidogo, akauliza kama sakafu ya huko nayo inatetemeka.

Nikamwambia sijui. Sijawahi kuisikia.